Mashua ya Mjomba: Siku Saba Kutoka Kilwa Hadi Mikindani

Mjomba alinunua mashua Kilwa Masoko mwezi wa Februari, akaona bei nafuu kwa kuwa ilikuwa imekaa ufukweni miezi mingi. Alichokisahau ni kalenda. Kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, ikachukua wiki tatu, misumari ikakosekana, na mpaka tunaambiwa iko tayari ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi. Kutoka Kilwa kwenda Mikindani unaelekea kusini, na chombo cha tanga kinachoelekea kusini kinahitaji kaskazi mgongoni. Kaskazi huanza Desemba na kuchoka Machi. Baada yake huja tanga mbili, siku za upepo usiojijua, kisha kusi inashika mpaka Septemba. Tulikuwa tunakimbilia mlango unaofungwa.

Tulikuwa wanne: nahodha, mzee wa Mikindani ambaye hapendi jina lake liandikwe, mabaharia wawili vijana, na mimi, mpwa wa mwenye mali, nimetumwa kushika pesa ya mafuta. Mashua ina urefu wa mita 9, tanga moja, na mashine ndogo ambayo nahodha huiita "mgeni".

Siku ya kwanza. Kilwa Masoko

Hatukuondoka. Mbao zilizokaa juani zinasinyaa, na kalafati hata iwe nzuri namna gani, maji lazima yaingie kwanza ndipo mbao zivimbe na kubanana. Mwezi mwandamo ulikuwa na siku tatu, maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko kawaida. Saa nne na nusu asubuhi yalikuwa yamekupwa hadi mashua ikalala ubavu mchangani. Saa kumi na nusu jioni yalijaa, mashua ikaelea, na sisi tukaanza kufua maji yaliyoingia. Tulifua mpaka usiku. Nahodha alikaa tezini, nyuma ya chombo, anakunywa chai ya tangawizi, anasema ianze kunywa leo ishibe, isije ikanywa kesho tukiwa nje.

Ana barometa ya shaba, kipimo cha mgandamizo wa hewa (kanieneo), aliyoipata kwenye meli aliyowahi kufanyia kazi. Ameifunga kwa kamba kwenye mhimili chini ya sitaha. Nilianza kuandika namba zake kwenye daftari la matumizi. Saa nne asubuhi: hektopaskali 1011. Saa kumi jioni: 1008. Nikamwambia nahodha kanieneo ka hewa kanashuka, kuna jambo linakuja.

"Njomba," akasema, "hewa inapumua. Isubiri saa nne ya usiku."

Saa nne usiku ilikuwa 1011 tena. Huku kwetu tropiki kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji ya bahari: juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Mtu asiyelijua hilo ataona kimbunga kila alasiri. Kinachotakiwa ni kulinganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, siyo na asubuhi ya leo. Nikachora safu mpya daftarini, kando ya bei ya misumari.

Siku ya pili. Kilwa Masoko hadi Kiswere

Tuling'oa nanga saa kumi na moja alfajiri, maji yalipokuwa yameshika kupwa. Upepo ulikuwa umande, ule wa nchi kavu: usiku bara hupoa haraka kuliko bahari, na hewa nzito iliyopoa huteremka kuelekea majini. Hauna nguvu, lakini ni mwaminifu mpaka jua lipate joto. Ulitupitisha Kilwa Kisiwani gizani, na kulipokucha Songo Mnara ilikuwa upande wetu wa kulia, mikoko yake bado myeusi.

Saa tatu kaskazi ikaamka. Tanga likajaa, mashua ikalala kidogo, mmoja wa vijana akaanza kuimba. Mimi nilikuwa natazama simu, na simu ilisema tunakwenda noti 3.2. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani mita 1,852.) Kwa jinsi maji yalivyokuwa yakipita ubavuni nilidhani simu imeharibika. Nahodha akachukua kipande cha kifuu, akamtuma kijana akitupe omoni, mbele ya chombo, naye akahesabu mpaka kilipomfikia tezini. Sekunde nne. Mita 9 kwa sekunde nne ni mita mbili na robo kwa sekunde, karibu noti 4.4.

"Simu haijaharibika. Inapima ardhi. Kifuu kinapima maji."

Tofauti ya noti moja na ushei ilikuwa mkondo. Mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unagonga Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, na hapo unagawanyika: tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kwetu na kwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo unausukuma, unafika hata noti nne. Wakati wa kaskazi unapungua kasi lakini haugeuki. Kwa hiyo anayekwenda kusini na kaskazi anapanda ngazi inayoteremka.

Hesabu hiyo ningeivumilia. Sikuwa tayari kwa alasiri. Upepo ulikuwa uleule wa utabiri, kilomita kama 25 kwa saa, mawimbi ya mita moja. Namba za kitoto. Lakini nje ya rasi mojawapo, mahali mkondo unapojibana, mawimbi yaliyokuwa yakija na upepo yalikutana uso kwa uso na maji yanayokwenda kaskazini. Wimbi likizuiliwa namna hiyo linafupika na kusimama. Mita moja ileile, lakini badala ya kilima ikawa ukuta, na ukuta mwingine nyuma yake kabla omo haijainuka. Kwa dakika arobaini tulikuwa tunaangukia mashimoni. Mchele ulilowa. Nilitapika upande wa upepo, kosa ambalo mtu hulifanya mara moja tu.

Nahodha hakupunguza tanga. Alisukuma kana, mkono wa usukani, akatuingiza ndani karibu na nchi kavu mpaka nikaogopa mwamba kuliko mawimbi. Mkondo hupenda maji ya kina. Huku ndani ulikuwa dhaifu, na bahari ikalala kama imenyamazishwa. Tuliingia Kiswere saa kumi jioni, maji yakijaa.

Barometa: 1008, sawa na jana.

Siku ya tatu. Kiswere hadi Mchinga

Umande uliisha saa mbili asubuhi na baada yake hapakuja kitu. Shwari. Bahari kama mafuta ya nazi, tanga linaning'inia, joto linatoka juu na kurudi kutoka chini. Tukamwasha mgeni. Kufika saa saba mafuta yalikuwa yameniumiza kichwa, nikaomba tuzime tusubiri. Uamuzi wangu huo.

Mawingu yalikuwa yakipanda upande wa mashariki, meupe juu kama koliflawa, meusi chini. Nilimwonyesha nahodha. Akasema hayo yanakwenda zao Mafia. Naandika hili kwa sababu mzee huyu amenifundisha mengi, na kwa hili alikosea waziwazi, naye alikubali baadaye, ingawa kwa shida.

Saa tisa hivi upepo kidogo ukaja, tukafurahi, tukatweka. Halafu nikasikia baridi shingoni. Baridi ya kweli, kama mlango wa friji umefunguliwa. Nahodha aligeuka kabla yangu. Juu ya maji, umbali wa nusu kilomita, palikuwa na mstari mweusi, na nyuma ya mstari bahari ilikuwa nyeupe.

"Tua! Tua tanga!"

Mvua ikianguka kutoka wingu refu namna ile inapoza hewa, na hewa iliyopoa ni nzito; inaporomoka mpaka inagonga bahari, kisha inatawanyika pande zote. Hiyo ndiyo baridi inayotangulia. Ukiisikia shingoni una dakika moja, pengine mbili. Mimi nilikuwa nimeshika demani, kamba inayozuia tanga, na kazi yangu ilikuwa kuilegeza ili vijana washushe foromali, mti unaobeba tanga. Nilikuwa nimeizungusha mara tatu kwenye gogo na kuifunga fundo, maana nilichoka kuishika. Mabaharia wote wanajua demani haifungwi. Nilikuwa bado napambana na fundo upepo ulipofika.

Mashua ililala mpaka maji yakaingia. Tanga likapasuka kutoka katikati hadi ukingoni, kwa sauti ambayo niliidhania radi, na kupasuka kwake ndiko kulikotuokoa: upepo ukapita tunduni, mashua ikasimama. Vijana wakashusha foromali. Mvua ikatupiga dakika ishirini hivi, hatuoni hata omo. Kisha ikapita, jua likatoka, bahari ikawa mafuta ya nazi tena.

Hakuna aliyenigombeza. Nahodha alisema tu, "Jaketi okozi zivaliwe kabla, zisingoje mvua," maana zote nne zilikuwa chini ya magunia. Tuliingia Mchinga kwa mashine, saa kumi na mbili jioni.

Utabiri wa siku ile ulisema "mvua za ngurumo katika maeneo machache". Nami nilikuwa nimeusoma asubuhi. Eneo chache lilikuwa mimi.

Siku ya nne. Mchinga

Kushona. Sindano ya tanga, uzi wa kuvulia, kiraka cha turubai tulichonunua kijijini. Nahodha alikata, sisi tukashona, vidole vikatoboka.

Saa sita mchana, maji yakiwa yamekupwa, tukaanza kusikia mngurumo kutoka mwambani. Upepo haukuwepo, lakini kila baada ya muda ulioonekana mrefu mno, mstari mweupe ulisimama juu ya mwamba, ukavunjika. Nikapanda mwinuko kuangalia. Huko nje bahari ilikuwa laini, ila ilikuwa inainuka na kushuka, mawimbi mapana yasiyo na povu, yakitoka mashariki na kusini kidogo. Nikahesabu kwa saa: mawimbi kumi, sekunde 120. Sekunde kumi na mbili kila moja.

Mawimbi ya upepo wa hapa kwetu hupishana kwa sekunde nne, tano, sita. Ya kumi na mbili hayakuzaliwa hapa. Kundi la mawimbi ya aina hiyo husafiri kwenye maji ya kina kwa takriban noti 18, kilomita 800 kwa siku, na huendelea kutembea hata upepo uliyoyazaa umekufa. Huko ng'ambo, kaskazini ya Madagaska, jambo fulani lilikuwa limevuma siku mbili tatu nyuma.

Nahodha aliacha kushona. Aliingia chini ya sitaha kutazama barometa, akatoka, akakaa. Msimu wa vimbunga vya upande wetu wa bahari unaelekea kwisha Aprili, na vilivyowahi kutufikia vilikuja kwenye ncha hii ya mwisho. Kwa kawaida tunapona kwa sababu ya mahali tulipo. Kimbunga kinahitaji bahari ya joto, nyuzi 26 na nusu au zaidi, nayo tunayo tele. Lakini pia kinahitaji kusokotwa na mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msokoto huo ni hafifu. Kusini mwa nyuzi tano hivi unaanza kupata nguvu. Lindi iko nyuzi kumi. Tuko ukingoni mwa uwanja, na mpira mara mojamoja hutoka nje.

Marehemu baba yake nahodha alikuwepo Aprili 15, 1952, kimbunga kilipopiga Lindi. Nyumbani kwao walihesabu miaka kwa hicho, kabla ya upepo na baada ya upepo. Mimi ninacho changu. Aprili 25, 2019 tulikuwa Mtwara tunaambiwa tuhame mabondeni, shule zimefungwa, nimebeba godoro la bibi kichwani. Kimbunga Kenneth kikatua ng'ambo, Cabo Delgado, na jirani zetu Wamakonde wa upande ule ndio walioumia. Mabaharia wetu vijana wanakikumbuka kimbunga Hidaya, Mei 4, 2024, kilichotua Mafia. Barabara ilikatika Somanga na Lindi na Mtwara zikawa kisiwa.

"Sasa tusikilize shaba," nahodha akasema. Kipimo chake ni hiki: ukilinganisha saa ileile, kanieneo kakipungua tatu chini ya kawaida, jitayarishe. Kakipungua tano, usiulize, kipo karibu. Na ukitaka kujua kiko wapi, simama uso wako uuelekee upepo: upande wetu wa ikweta kiini kiko kushoto kwako, nyuma kidogo. Kaskazini ya ikweta ni kulia, maana huko vinazunguka kinyume na vyetu.

Saa kumi jioni: 1008. Saa nne usiku: 1011. Alikesha hata hivyo. Saa kumi alfajiri alinigusa bega, nadhani kwa sababu alitaka mtu wa kuambiwa: "Elfu moja na nane." Akaenda kulala.

Siku ya tano. Mchinga hadi Lindi

Mwendo mfupi, kaskazi dhaifu, kiraka kimeshika. Tulifika nje ya ghuba ya Lindi saa sita na nahodha akatia nanga, tungoje. Maji yalikuwa bado yanakupwa. Mvua za bara zilikuwa zimeujaza Lukuledi, na maji ya kahawia yalikuwa yanatoka mdomoni kwa nguvu, yakikutana na yale mawimbi mapana ya jana. Palepale yalipokutana paligeuka jiko. Umbali wa urefu wa uwanja wa mpira kutoka kwetu, ambako tulikuwa tumelala kwa raha. Saa nane maji yalipogeuka, jiko likazimika polepole. Saa tisa tulipita bila kulowa. Mitumbwi ya Kitunda ilikuwa ikivuka na abiria kama kawaida.

Jioni, tunakula pweza ufukweni, ujumbe wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukaingia: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, pwani ya Lindi na Mtwara, kuanzia keshokutwa. Kusi imekuja.

Kijana mmoja akasema mita mbili si kitu, tumeona kubwa kuliko hizo. Hapo nilipata nafasi yangu ya kujua kitu. Ile mita mbili si wimbi kubwa kuliko yote. Ukiyapanga mawimbi kwa kimo, ukachukua theluthi moja ya makubwa zaidi, wastani wa hayo ndio mita mbili. Katika mawimbi elfu, ambayo hupita kwa saa mbili hivi, tegemea moja la karibu mita nne. Na hiyo ni kabla ya mkondo na kabla ya mdomo wa mto. Nahodha alinisikiliza, akachukua kipande cha pweza, akasema basi tuondoke usiku huu.

Nilitaka tungoje Lindi angalizo liishe. Nilisema hivyo. Akanijibu kwamba kusi haiishi, inapumzika tu. Tukiingoja tutakula Idd mbili hapa. Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya tanga mbili. Sikuwa na jibu.

Siku ya sita. Lindi hadi Sudi

Saa tisa usiku hadi saa nane mchana, kwa umbali ambao siku ya pili tungeumaliza kwa saa tano. Upepo ulikuwa usoni, mwanana, kutoka kusini mashariki. Tulibisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo: tukabisha nje, tukabisha ndani, kila tukigeuza tanga tunaona mnazi uleule. Mgeni alikula lita zote zilizobaki isipokuwa tano. Sina zaidi la kuandika. Mikono haishiki kalamu.

Saa kumi jioni, Sudi: 1010. Mbili juu ya kawaida. Hewa ya kusi ni nzito.

Siku ya saba. Sudi hadi Mikindani

Umande wa mwisho. Tuliondoka saa tisa na nusu usiku tukakaa karibu na nchi kavu, ambako ule wa bara ulikuwa bado unapigania nafasi yake dhidi ya kusi. Ukashinda mpaka saa mbili.

Mlango wa Mikindani una miamba pande zote mbili, na nahodha hakutaka kuuingia gizani wala jua likiwa usoni. Saa tatu lilikuwa kushoto nyuma yetu, limepanda vya kutosha, na maji yakajieleza yenyewe: buluu nzito ni kina, kijani ni mchanga, rangi ya chai ni mwamba. Mwezi mwandamo ulikuwa na siku tisa, maji mafu, kujaa na kupwa hakutofautiani sana, mkondo wa mlangoni umelegea. Kijana alisimama omoni akionyesha kwa mkono. Hakuna aliyezungumza.

Tulitia nanga karibu na saa nne na nusu. Barometa 1013. Saa saba mchana minazi ya Mikindani ilianza kuinama upande wa kaskazini, na nje ya mlango, juu ya mwamba, kukawa kweupe.

Mjomba alikuja akikunja suruali, maji magotini. Hakuuliza habari za njiani. Alipapasa omo, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akatazama ndani ya ngama, tumboni mwa mashua, akaridhika. Kisha akainua ukingo wa tanga.

"Hili nililinunua zima."

Nahodha alikuwa anaifungua barometa yake kutoka kwenye mhimili, anaiviringisha kwenye kikoi. Alinitazama mara moja tu, akaendelea na kamba zake. Nikachukua kata nikaanza kufua maji.